Kijana Mkristo na vishawishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya huletwa na vijana wa miaka 13 hadi 19 kwenye mafundisho ya kipaimara, vikundi vya wanafunzi Wakristo vya UKWATA, TYCS na CASFETA, na mazoezi ya kwaya, kuanzia Mtwara mjini na Lindi hadi Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea. Tumeyaandika jinsi yanavyoulizwa. Mahali ambapo Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste wanatofautiana, tumesema hivyo.

Kujaribiwa peke yake ni dhambi?

Hapana. Yesu alijaribiwa jangwani, na Waebrania 4:15 inasema alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote bila kufanya dhambi. Wazo linalopita kichwani bila kuitwa halikuhesabii kosa.

Sasa nitajuaje kishawishi kimeshageuka kuwa dhambi?

Soma Yakobo 1:14-15 polepole. Tamaa huvuta, hudanganya, huchukua mimba, kisha huzaa dhambi. Kati ya kuvutwa na kuchukua mimba pana nafasi. Mara nyingine ni sekunde chache, mara nyingine ni siku nzima. Ridhaa huingia hapo.

Dalili yake ya kwanza ni mipango. Umeshaangalia baba anarudi saa ngapi. Umeshatunga maneno ya kumwambia mama. Umefuta meseji ambazo wiki iliyopita usingeona haja ya kuzifuta. Ukijikuta hapo, usijifariji kwamba bado hujafanya kitu. Geuka ukiwa hapohapo, maana kugeuka bado ni rahisi. Nusu saa baadaye hakutakuwa rahisi tena.

Kila mtu anaanguka. Kwa nini niumize kichwa?

Kwa sababu dhambi haikai ilipowekwa. Fuatilia habari ya Daudi katika 2 Samweli 11: alibaki Yerusalemu wakati wafalme wanatoka kwenda vitani, akatazama, akauliza yule ni nani, akatuma watu wamlete, mimba ikaingia, akamwita Uria na kumlewesha ili kuficha, na mpango uliposhindikana akaagiza auawe. Hakuamka siku ile akiwa na nia ya kuua mtu. Kila hatua ilifanywa ili kufunika iliyotangulia, na iliyofuata ikawa mbaya zaidi.

Halafu ipo gharama aliyoilipa Kristo. Anayeimba Ijumaa Kuu kwamba damu ilimwagika kwa ajili yake, kisha akaiita dhambi yake "ujana tu", hajaelewa alichoimba. Tunalisema hili kwa upendo, kwa sababu tunawaona vijana wanaopoteza miaka wakisubiri utu uzima uwaondolee tabia waliyoilea wenyewe.

Kwa nini naanguka palepale kila mara, ingawa naomba?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na tutalijibu kwa kirefu. Wengi huomba wakati moto umeshawaka, lakini hawagusi kuni. Dhambi inayojirudia ina saa yake, mahali pake, na mara nyingi ina mtu wake. Usipovijua vitu hivyo vitatu, utapambana nayo kila siku kana kwamba ni mgeni.

Chukua daftari dogo. Kwa siku 14, kila unapoanguka au kukaribia kuanguka, andika mambo matano: saa, mahali, ulikuwa na nani, mwili wako ulikuwaje (njaa, usingizi, homa), na moyo wako ulikuwaje (hasira, upweke, aibu, furaha iliyopitiliza). Usitaje dhambi yenyewe; weka nukta tu, ili mdogo wako akilifungua asijue maana yake. Siku ya 15 lisome lote kwa mpigo. Karibu kila mara utaona marudio: Jumamosi baada ya saa 4 usiku, siku uliyogombana na baba, siku ya mnada wa korosho pesa ilipoingia nyumbani, au ule mchana wa likizo watu wote wakiwa shamba na wewe umebaki peke yako.

Ukishaona marudio, badilisha kitu kimoja tu, tena mapema. Kama hatari ni saa 4 usiku, hatua yako iwe saa 2. Wakorintho walielezwa kwamba pamoja na jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea (1 Wakorintho 10:13). Mlango huo mara nyingi uko mbali na kitanda: ni ule uamuzi wa jioni wa kulala chumba kimoja na ndugu zako, au wa kumsindikiza bibi shambani badala ya kubaki.

Makosa matatu huharibu zoezi hili. La kwanza ni kubadilisha mambo kumi kwa wakati mmoja. Siku ya tatu umechoka na yote yameachwa. La pili ni kuacha kuandika siku uliyoanguka kwa sababu unaona aibu, na hiyo ndiyo siku yenye habari unayoihitaji. La tatu ni kuiondoa tabia na kuiacha saa yake tupu. Ile saa itajazwa na kitu. Ipangie kazi: kufua sare, kuchota maji, kumsomea mdogo wako, mazoezi ya mpira.

Simu ndiyo inaniangusha. Nifanye nini hasa?

Fanya haya leo, na yote hayatazidi dakika 20. Fungua mipangilio ya WhatsApp, nenda kwenye hifadhi na data, uzime kupakua picha na video zenyewe. Video za ngono nyingi huingia kwenye simu za vijana kupitia makundi, na mwenye simu anazikuta tayari zimehifadhiwa. Toka kwenye kundi lililokuletea mara ya pili. Mara ya kwanza inaweza kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja.

Kwenye Google washa uchujaji wa matokeo machafu. Acha kununua bando la usiku. Ni nafuu, ndiyo, lakini linakufungulia intaneti saa ambazo watu wote wamelala na wewe huna kazi ya maana ya kufanya. Simu ilale sebuleni au chumbani kwa mama ikichajiwa, na uamshwe na saa ya mezani au na jogoo.

Kama tabia imeshakuwa nzito, omba mzazi au kaka yako mkubwa aweke neno la siri la kuzuia kupakua programu mpya, na wewe usilijue. Mathayo 5:29 inazungumzia kung'oa jicho. Wako vijana waliorudi kwenye kitochi kwa mwaka mzima, wakamaliza kidato cha 4 salama.

Usisambaze hata mara moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono, na picha ya mwenzako wa shule ikishatoka kwenye simu yako huna uwezo wa kuirudisha. Akikutishia mtu kwamba ataisambaza picha yako usipotuma nyingine au pesa, usitume chochote, usifute meseji zake, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo.

Kuweka mkeka (tiketi ya kubeti) wa shilingi 500 ni dhambi kweli?

Kwanza, kama hujafika miaka 18 unavunja sheria ya nchi, na anayekubetia kwa namba yake anaivunja pamoja nawe. Pili, piga hesabu. Mkeka wa mechi 10, kila mechi ikiwa na nafasi ya asilimia 60 ya kutokea ulivyotabiri, utatiki mara 6 hivi katika mikeka 1,000. Shilingi 500 kila siku kwa siku 90 za msimu wa korosho ni 45,000, na nyumba nyingi zinajua fedha hiyo ingefanya nini Januari shule zikifunguliwa.

Tatu, na hili ndilo zito, mkeka hukufundisha kutamani jasho la wenzako, kisha hukufundisha uongo. Kijana anayebeti huanza kwa chenji yake, halafu chenji ya dukani ya mama, halafu ada.

Niliiba korosho za babu nikauza kwa kangomba (wanunuzi wa korosho wa kichochoro). Nimetubu. Inatosha?

Haijatosha, kwa sababu babu bado ana hasara. Walawi 6:1-5 inaagiza aliyeiba arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Ukiiba kilo 5, rudisha 6. Zakayo alivuka hapo akaahidi mara nne (Luka 19:8).

Huna korosho wala pesa? Lipa kwa kazi: kupalilia chini ya mikorosho, kuokota na kuanika, hadi thamani itimie. Nenda mwenyewe. Ukiogopa sana, nenda na mjomba, maana kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao mjomba ana sauti kwenye mambo ya wapwa zake. Sema kiasi kamili. Anayekiri kilo 2 kumbe aliiba 5 amejiongezea dhambi ya pili katikati ya toba.

Kosa la kawaida hapa ni kupeleka fedha ya wizi kwenye sadaka. Madhabahu hayasafishi mali ya mtu aliye hai anayejulikana jina na nyumba yake.

Uraka je? Si ni maji ya mabibo (matunda ya mkorosho) tu?

Maji ya mabibo yakikamuliwa na kunywewa papo hapo ni kinywaji cha matunda. Kwa joto letu huanza kuchachuka yenyewe ndani ya saa chache, na ya kesho yake yanalewesha. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni yamekamuliwa lini. Kuhusu pombe kwa watu wazima makanisa yanatofautiana: Wapentekoste wanaikataza kabisa, wengine wanakataza ulevi. Kwa kijana wa chini ya miaka 18 hakuna mabishano, na gongo isiguswe na mtu wa umri wowote.

Nimeitwa jandoni, na dada yangu unyagoni. Mkristo anaweza kwenda?

Swali hili ni la zamani kuliko wazazi wetu. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926, aliamua kutolifuta jando. Alilichukua na kuliunganisha na sala na mafundisho ya Kikristo. Wengine walimpinga, na mjadala haujaisha.

Ushauri wetu: tenganisha vipande. Tohara inayofanywa hospitalini au kwa vifaa safi haina tatizo. Heshima kwa wazee, kazi, usafi wa mwili, siri za nyumba: hayo ni mazuri, yapokee. Matambiko kwa mizimu, nyimbo za matusi, na yale maagizo ya "ukitoka hapa kajaribu" hayapokelewi na Mkristo. Mzazi akamuulize nyakanga wa jando au kungwi wa unyago mapema, wiki mbili kabla, nini kitafundishwa na nani atakuwepo. Parokia na sharika nyingine huendesha mafunzo yao wakati wa likizo, uliza kwenu.

Ngoma za usiku na vigodoro zinazofuata sherehe ni jambo jingine. Nenda kumpongeza mwali mchana, kula pilau, rudi nyumbani jua halijazama.

Tunapendana na tutaoana. Kwa nini tusubiri?

Kwa sababu ahadi ya ndoa bado siyo ndoa, na mwili hauelewi tofauti hiyo mpaka ufundishwe. 2 Timotheo 2:22 inasema tamaa za ujanani zikimbiwe. Yusufu alikataa kwa maneno siku baada ya siku. Siku nyumba ilipokuwa tupu aliacha vazi akatoka mbio (Mwanzo 39:10-12). Hakukaa ili apime nguvu zake.

Mipaka lazima ipimike. "Tutajiheshimu" haipimiki. "Hatukai wawili chumba kilichofungwa, hatupiti njia ya mikoroshoni baada ya saa 12 jioni, hatuchati baada ya saa 3 usiku" inapimika, na mtu wa tatu anaweza kuwauliza kama mmeitunza.

Sheria nayo ijulikane. Kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 huhesabiwa ubakaji hata akikubali, na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30.

Nimepanga geto karibu na shule. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Geto ni jaribu gumu, na lawama kubwa tunaziweka kwa sisi watu wazima. Binti wa miaka 15 analala peke yake kilomita 20 kutoka kwao, unga umeisha tarehe 20, na dereva wa bodaboda anamletea chipsi. Mzazi, piga hesabu ya nusu kilo ya unga kwa siku, yaani kilo 15 kwa mwezi, pamoja na maharage, mafuta, sabuni na taulo za kike, uvipeleke kabla ya tarehe 1. Mkabidhi kwa mama mmoja wa jumuiya au kanisa aliye jirani, amtembelee mara mbili kwa wiki bila taarifa.

Kijana, panga na ndugu au mshirika mwenzako wa jinsia yako, mlango uwe unaotazama uwanja wa mwenye nyumba, na pokea msaada wa chakula kutoka kwa familia, mwalimu mlezi au kanisa. Lifti, chipsi na vocha za mwanamume zina bei yake, na ataidai.

Mtu mzima amenifanyia kitu kibaya. Nahisi mimi ndiye mwenye dhambi.

Dhambi ni yake. Yote. Hata kama ulipokea zawadi, hata kama hukupiga kelele, hata kama ni mjomba, mwalimu au mtumishi wa kanisa.

Ikiwa ni ubakaji, nenda kituo cha afya haraka, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifanyi kazi baada ya hapo. Usioge, na usifue nguo ulizovaa. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo hutolewa PF3, fomu ya polisi ya kupelekea matibabu. Namba 116 ni ya kupiga bure kwa ajili ya watoto. Ukilisema kwenye kitubio tu, padre hawezi kulitoa nje; kwa hiyo lisemwe pia nje ya kitubio, kwa mtu anayeweza kuchukua hatua. Akikuambia mtu "yaishe kifamilia", nenda kwa mwingine.

Nimeanguka usiku huu. Nianzie wapi?

Anzia hapo ulipo, usisubiri Jumapili. Itaje dhambi kwa jina lake mbele za Mungu. "Nisamehe makosa yangu yote" ni njia ya kukwepa. Soma Zaburi 51 kwa sauti ndogo. Kisha ondoa nafasi ya kurudia usiku huohuo: zima simu, toka chumbani, ondoka pale. Lala. Usiku wa manane si wakati wa kuweka nadhiri kubwa, nyingi huvunjika kabla ya Jumatano.

Kesho yake, ndani ya saa 24, mwambie mtu mmoja. Mkatoliki aende kwenye kitubio. Ili dhambi iwe ya mauti yanahitajika mambo matatu kwa pamoja, yaani jambo lenyewe liwe zito, ujue kuwa ni zito, na uridhie kwa hiari. Mwanglikana anaweza kuungama kwa kasisi, Mlutheri kwa mchungaji, na wengine hufuata Yakobo 5:16, kuungama mmoja kwa mwingine.

Kabla ya juma kuisha, fidia uliyemkosea na urudi kwenye daftari lako.

Nimwambie nani ambaye hatanitangaza?

Mtu mzima wa jinsia yako, aliyeokoka au anayeishi imani yake kwa miaka, ambaye hujawahi kumsikia akisimulia siri za mwingine. Kipimo hicho cha mwisho ndicho muhimu. Mjaribu kwa jambo dogo kwanza, subiri wiki mbili. Mweleze pia, kwa haki, kwamba yapo mambo asiyoweza kuyaficha: mtu anayekudhuru, au wewe kufikiria kujiua.

Rafiki wa rika lako anakufaa kuomba pamoja naye. Asiwe peke yake, kwa sababu naye anapigwa na mawimbi yaleyale.

Je, Mungu amenichoka? Nimetenda dhambi isiyosameheka?

Kijana anayelia kwa swali hili hajafika huko. Mathayo 12 inawasema watu waliomwona Roho akifanya kazi kwa macho yao wakaiita kazi ya Beelzebuli, wala hawakutaka msamaha. Petro alimkana Bwana mara tatu, akalia, akarudi. Yuda aliona kosa lake, akakimbilia mauti. 2 Wakorintho 7:10 inatofautisha huzuni hizo mbili. Huzuni ikikusogeza kwa Mungu na watu, ni njema. Ikikufanya ujifungie na kujichukia, ilete kwa mlezi wako haraka, leo kama inawezekana.

Lakini kuna neema. Si nitatubu baadaye?

Tito 2:11-12 inasema neema yenyewe hutufundisha kukataa ubaya. Anayepanga toba kabla ya dhambi ameshaamua, na moyo unaojifunza kuamua hivyo huwa mgumu kidogo kila mara.

Kufunga kunasaidia?

Kunasaidia kama kunafundisha mwili kuambiwa hapana. Anza na kuacha mlo mmoja, Ijumaa, ukinywa maji. Mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito au anayetumia dawa za kila siku asifunge chakula. Afunge simu au soda.

Na kuibia mtihani?

Ni wizi na uongo kwa pamoja, na matokeo hufutwa. Usisogee kwenye kikundi kinachosubiri "mtihani uliovuja".

Tunataka kuanzisha kikundi cha kuulizana. Tuanzeje?

Wavulana peke yao, wasichana peke yao. Watu 3 au 4. Wakizidi 5, wanyamavu hujificha. Mara moja kwa wiki, dakika 60, simu zote kwenye kapu. Maswali manne kwa kila mtu: umeanguka wapi, ulikaribia wapi ukatoka, nani umemkosea na hujamrudia, na umesoma nini. La nne lisirukwe, vikundi visivyosoma Neno hugeuka haraka kuwa vya kusimuliana dhambi, na kusimuliana nako huwasha tamaa. Anayeungama ataje kosa, asichore picha.

Angalieni na ratiba za kanisa zenyewe. Mkesha wa Mwaka Mpya na mazoezi ya kwaya yanayoisha usiku yameleta maanguko mengi, na si ibadani, ni njiani wakati wa kurudi. Pangeni nani anaondoka na nani, na mtu mzima gani anatembea na kila kundi mpaka mlango wa mwisho. Kikao chenu cha wiki kianze saa 9 alasiri, ili wa kijiji cha mbali afike kwao kabla ya giza.